Stempu na Bahasha Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa kukusanya stempu ni mchezo wa watoto, au kazi ya wazee wastaafu wasio na shamba la kulima. Wapo pia wadhanio kwamba kazi hiyo imekwisha kufa, kwa kuwa siku hizi mtu humpelekea mwenzake habari kwa simu ya mkononi, na habari ikafika kabla hajairudisha simu mfukoni. Ni kweli kwamba barua zimepungua. Lakini kwa sababu hiyo hiyo zile zilizoandikwa zamani hazitaongezeka tena. Zilizopo ndizo hizo, na kila mwaka nyingine huchomwa moto. Mhariri ameniomba nieleze jinsi kazi hii ifanywavyo. Nimekubali, kwa kuwa nina jambo moja nipendalo wanafunzi walisikie kabla hawajaanza, na wanafunzi wa zamani walisikie kabla hawajasafisha nyumba za wazazi wao. Jambo lenyewe ni hili: usiitoe stempu katika bahasha yake mpaka umejua bahasha hiyo inasema nini.

Mkusanyaji mpya kwa kawaida huanza vibaya. Huona stempu yenye picha ya korongo au ya chui, huipenda, huikata kwa mkasi kutoka pembeni mwa bahasha, na bahasha huitupa jikoni. Baada ya mwaka mmoja huwa na stempu 200 ndani ya kopo la majani ya chai, na hata moja haina habari. Ukimwuliza hii imetoka wapi, atakujibu "Kenya," kwa kuwa ameliona neno hilo limeandikwa juu yake. Nitaonyesha baadaye kwamba huenda stempu hiyo haikufika Kenya hata siku moja.

Mimi mwenyewe nilivutwa kwanza na visiwa vya mbali, na nadhani vijana wengi huvutwa hivyo. Katika bahari ya Pasifiki kiko kisiwa kiitwacho Pitcairn, ambacho watu wake hawafiki 50. Darasa moja la shule yetu lawashinda kwa hesabu. Wengi wao ni wa uzao wa mabaharia Waingereza walioasi katika meli ya Bounty mwaka 1789, pamoja na wanawake wa Tahiti. Kisiwa hicho kilianza kutoa stempu zake mwaka 1940, na fedha zilizopatikana kwa kuwauzia wakusanyaji wa dunia nzima zilisaidia kujenga shule ya watoto wa kisiwani. Fikirini hayo: madarasa yaliyojengwa kwa vipande vya karatasi.

Kisiwa kingine ni Niuafo'ou, katika nchi ya Tonga. Kisiwa hiki ni mlima wa moto uliotokeza baharini, hakina bandari, na meli haziwezi kutia nanga. Basi barua zilitiwa ndani ya makopo ya biskuti, makopo yakazibwa, yakatupwa baharini, na waogeleaji wa kisiwani wakayafuata. Mwaka 1931 papa alimwua mwogeleaji mmoja, na tangu hapo mitumbwi ndiyo iliyotumika. Mfanyabiashara mmoja aliyekaa huko alizipiga bahasha hizo mihuri ya kueleza kwamba zimepita ndani ya kopo. Sasa angalieni. Stempu zilizobandikwa ni za Tonga za kawaida tu. Ukiikata stempu na kuiweka peke yake katika albamu, umebaki na stempu ya kawaida ya Tonga, na kopo, papa na waogeleaji wote umewatupa jikoni pamoja na karatasi.

Lakini visiwa hivyo vya mbali vina mtego wake pia. Tuvalu ni nchi ya visiwa tisa vidogo, nayo ilianza kutoa stempu zake mwaka 1976, miaka miwili kabla ya kupata uhuru. Katika miaka ya 1980 zilitolewa kwa majina ya visiwa vyake stempu nyingi mno zenye picha za magari ya moshi. Tuvalu haina reli hata hatua moja! Stempu hizo zilichapwa Ulaya ili kuuzwa kwa wakusanyaji wa huko, na nyingi hazikupata kuiona bahari ya Pasifiki. Wala tusiwacheke Watuvalu. Tangu miaka ya 1980 Uganda nayo imetoa stempu nyingi za namna hiyo, hata zenye picha za wanyama wa sinema za Disney. Mimi nimekaa Kampala miaka yangu yote, na bado sijapata barua kutoka Masaka iliyobandikwa Mickey Mouse. Ndiyo sababu naipenda bahasha iliyosafiri. Stempu peke yake yaweza kuwa pambo lililotoka kiwandani. Bahasha yenye muhuri, tarehe na vumbi la njiani ni ushahidi kwamba mtu fulani alimwandikia mwenzake.

Sasa turudi kwetu, maana wakati mmoja sisi ndio tuliokuwa kisiwa cha mbali. Mwaka 1895 reli ya Uganda ilikuwa haijaanza kujengwa. Kutoka Mombasa mpaka Mengo ni maili zipatazo 800, na msafara wa wapagazi ulihitaji karibu miezi mitatu kuzimaliza. Bahari yetu ilikuwa nyika. Kwa mkusanyaji aliyekaa London wakati huo, Mengo ilikuwa mbali kuliko Pitcairn ilivyo mbali nasi leo.

Mwezi wa Machi mwaka huo serikali ilitaka kuanzisha posta ya humu nchini, lakini stempu hazikuwapo, wala mtambo wa kuzichapa haukuwa tayari. Ikaombwa misheni ya C.M.S. isaidie. Padri mmoja wa misheni hiyo huko Mengo, jina lake Ernest Millar, alikuwa na taipureta. Basi aliketi akazipiga stempu za nchi nzima kwa vidole vyake, moja moja, juu ya karatasi nyembamba. Kila stempu ilikuwa na herufi U na G kwa ajili ya Uganda, na katikati hesabu ya bei yake. Hazikuwa na picha ya malkia, hazikuwa na gundi, wala matundu ya kuzichania. Mtu alizikata kwa mkasi.

Na bei yenyewe ilikuwa kauri. Wakati huo kauri ndizo zilizokuwa fedha ya Buganda, zilitobolewa na kutungwa katika nyuzi, na kauri 200 zilihesabiwa kuwa rupia moja. Stempu za Millar zilianzia kauri 5 na kupanda mpaka 60. Ndugu zetu Waganda hata leo huita fedha ensimbi, na ensimbi ni kauri hizo hizo, ingawa mtoto anayeombwa nauli ya teksi hafikirii kombe la baharini.

Kwa kuwa zilipigwa kwa mkono, hazikufanana. Kwanza Millar alizipiga pana, halafu akaona karatasi inakwisha upesi, akazipunguza upana. Utepe wa taipureta ulipochoka akatia mwingine wa rangi ya zambarau, na kuanzia hapo stempu zikawa za zambarau badala ya nyeusi. Zilipopungua za bei fulani, mtu alichukua kalamu ya wino, akafuta bei ya zamani na kuandika mpya juu yake. Mwaka 1896 zilifuata nyingine zenye herufi za Malkia Victoria na neno Uganda. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo taipureta ikapumzishwa, kwa kuwa padri mwingine wa C.M.S., F. Rowling, alizichapa stempu mpya kwa herufi za risasi huko kwa Luba, katika Busoga. Hizo bei yake ilikuwa anna na rupia, si kauri tena. Katika baadhi yake herufi o ya neno la posta ni ndogo kuliko wenzake, kwa kuwa mpangaji alichukua herufi isiyo ya saizi yake, na kwa kosa hilo wakusanyaji hulipa zaidi. Mwaka 1898 zikaja stempu nzuri zilizochapwa Uingereza, zenye sura ya malkia. Kwangu mimi uzuri huo ulikuwa ndio mwisho wa mambo matamu.

Kutoka hapa Ntinda mpaka Mengo ni safari ya teksi mbili, moja mpaka mjini na moja kupanda mlima. Hata hivyo stempu za kauri hazionekani Kampala. Ziko Ulaya na Marekani, na hata iliyo ya bei ya chini kabisa hugharimu fedha ambazo mwanafunzi hawezi kuzipata. Tena ni rahisi kuzighushi. Kwani nini kinachohitajika? Taipureta kuukuu na karatasi kuukuu. Nyingi zilizotumika zilifutwa kwa kalamu tu, na alama ya kalamu kila mtu aweza kuipiga. Kwa hiyo mjuzi akiletewa stempu ya kauri iliyo peke yake huipima karatasi, hulinganisha umbo la herufi na zile zinazojulikana kuwa za taipureta ya Millar, na mwisho hutoa hukumu akiwa na wasiwasi kidogo. Lakini akiletewa bahasha nzima, yenye anwani iliyoandikwa kwa mkono unaojulikana, yenye tarehe, na yenye mihuri ya kituo kimoja mpaka kingine, kazi yake huwa nyepesi. Bahasha huisemea stempu, kama shahidi amsemeavyo mshtakiwa. Bahasha za namna hiyo zilizosalia ni chache sana, kwa sababu waliozipokea walifanya kama tufanyavyo sisi: walisoma barua, wakatupa karatasi ya nje.

Nimeahidi kueleza habari ya neno "Kenya". Mwaka 1903 Uganda iliunganishwa katika stempu na Afrika Mashariki ya Kiingereza. Kuanzia mwaka 1922 zikaandikwa Kenya na Uganda, na tangu mwaka 1935 zikabeba majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika. Stempu hiyo moja ilikubaliwa katika nchi zote tatu. Ukilinganisha stempu za mwaka 1954 utaona kwamba jina linalotangulia si lile lile katika kila stempu, pengine ili pasiwe na nchi ya kunung'unika. Kwa hiyo jina la kwanza halikwambii kitu. Ninazo bahasha mbili zenye stempu ya senti 10 ya mwaka 1960, ile yenye picha ya pamba. Stempu zenyewe ni pacha. Lakini moja ina muhuri wa Lira na nyingine muhuri wa Mwanza, na pamba ilikuwa ikilimwa huku na huko. Ningalizikata nikaziloweka, leo ningekuwa na stempu mbili zinazofanana, moja ikiwa ya kugawa bure.

Uganda ilianza tena kutoa stempu zake yenyewe mwaka 1962, mwaka wa uhuru, ingawa stempu za pamoja za ukumbusho ziliendelea mpaka karibu na kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977. Mkusanyaji mwenye akili hujifunza kuusoma muhuri kabla ya picha. Muhuri una jina la posta, siku, mwezi na mwaka, na mara nyingine saa. Nyuma ya bahasha huenda ukaona muhuri wa pili, wa mahali ilipofikia. Basi hesabu siku zilizopita katikati. Mwaka 1931 ndege za kampuni ya Imperial Airways zilianza kuleta barua kutoka London mpaka Mwanza, zikitua majini huku kwetu Butiaba na Port Bell. Kabla ya hapo barua ya Uingereza ilikwenda kwa majuma mengi ya meli na reli. Ukiwa na bahasha mbili, moja ya mwaka 1929 na nyingine ya mwaka 1932, hesabu hiyo utaifanya mwenyewe kwa kutazama mihuri, na hutaisahau kama unavyosahau tarehe za darasani.

Anwani nayo isomwe. Katika nchi yetu barua hazipelekwi nyumba kwa nyumba. Hutiwa katika masanduku ya posta. Zamani watu wachache sana walikuwa na sanduku, kwa hiyo mtu aliandikiwa kwa mkono wa mwalimu mkuu, au padri, au chifu, au mwenye duka wa Kihindi. Ukizipanga bahasha za kijiji kimoja utajua ni nani aliyeaminiwa na watu.

Sasa nitaeleza lile lililonifanya nimkubalie mhariri. Mwaka juzi jirani yangu hapa Ntinda, mwalimu mstaafu aliyepita umri wa miaka 85, ambaye mtaa mzima twamwita Jajja, aliuza kiwanja chake. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ibomolewe ili ghorofa zijengwe, kama zilivyojengwa nyingi katika mtaa wetu. Nilipokwenda kumsalimu niliwakuta wajukuu wakitoa vitu nje, na uani moto ulikuwa ukiwaka kwa ajili ya karatasi. Kando ya moto palikuwa na kopo la biskuti lililojaa bahasha.

Nikauliza habari zake. Kijana mmoja akanijibu kwa adabu, "Hizo hazina kitu, Mzee. Zenye stempu nimekwisha zikata."

Alikuwa amepata stempu tano za Mfalme George wa Sita, za aina iliyotolewa kuanzia mwaka 1938, nazo zilikuwa zikikauka juu ya gazeti. Zote zilikuwa za kawaida. Zikiuzwa pamoja hazinunui soda. Nikaomba ruhusa nikafungua lile kopo. Bahasha 14 hazikuwa na stempu kwa sababu hazikuhitaji. Mahali pa stempu paliandikwa kwa mkono maneno ya Kiingereza ya kuonyesha kwamba mwandishi ni askari aliye vitani. Kila moja ilikuwa na muhuri wa posta ya jeshi la Afrika Mashariki, ambao hauna jina la mahali, ila namba tu, ili adui asijue jeshi liko wapi. Kila moja pia ilikuwa na alama ya ofisa aliyeikagua. Nazo ziliandikwa kwa mama yake Jajja, kwa mkono wa mwalimu mkuu wa shule ya misheni.

Babake Jajja alikuwa askari wa K.A.R. katika Burma, naye hakurudi. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo. Aliambiwa neno Burma, na zaidi ya neno hilo hakuambiwa. Tulikaa chini ya mwembe wake tukazipanga bahasha kwa tarehe. Ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa Oktoba 1944. Wakati huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikiteremka bonde la Kabaw, katika matope na malaria, kuuelekea mto Chindwin. Mji wa Kalewa waliufikia mwanzoni mwa Desemba. Namba za mihuri ya jeshi zilikuwa siri wakati wa vita, lakini baadaye wakusanyaji walizichunguza na kuandika kila namba ilikuwa wapi na lini. Mtu aliyekuwa hana ila neno Burma sasa ana bonde na mwezi.

Lakini ilikuwapo bahasha ya kumi na tano. Hiyo ilitoka huku kwenda huko. Mama yake Jajja aliipeleka kwa mumewe, nayo ilirudishwa, ikiwa na mstari wa kalamu juu ya anwani na neno la kuirudisha kwa aliyeileta. Barua yenyewe haikuwamo. Pembe ya juu ilikuwa imekatwa kwa mkasi, mraba mzuri kabisa, na muhuri wa posta ya kwetu ulikuwa umekwenda pamoja na pembe hiyo. Tulizitazama zile stempu tano. Katika moja tuliona mwisho wa jina la Kampala na tarakimu 44. Siku na mwezi vilikuwa vimeangukia kwenye karatasi ya ukingo, na karatasi hiyo kijana alikwisha iloweka na kuitupa.

Jajja hakumgombeza mjukuu wake. Alisema tu, "Nilitaka kujua kama baba alikuwa bado hai siku mama alipoipeleka."

Kwa hiyo wanafunzi, mkiona bahasha isiyo na stempu msiseme haina kitu. Za vita hasa zitunzeni. Ziko nyingine pia za wakati huo ambazo wachache hapa wanazijua. Kuanzia mwaka 1942 maelfu ya wakimbizi wa Polandi, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa katika kambi za Nyabyeya karibu na Masindi, na Koja kando ya ziwa katika Mukono. Waliandika barua kuwatafuta ndugu zao dunia nzima, na bahasha zao zilipita katika mikono ya wakaguzi, zikakatwa na kubandikwa tena karatasi ya ukaguzi. Za karibu zaidi nasi ni zile za mwaka 1979. Amin alipopinduliwa mwezi wa Aprili, stempu zilizokwisha chapwa hazikutupwa. Zilipigwa juu yake maneno ya Kiingereza ya kutangaza kwamba Uganda imekombolewa 1979. Stempu hizo hupatikana kwa urahisi zikiwa mpya. Katika bahasha iliyosafiri kweli ni nadra kuzipata, na watu wengi wa umri wangu wanazo nyumbani bila kujua.

Yamebaki maneno ya kazi yenyewe. Si kila bahasha ifaa kuwekwa nzima. Bili 30 za kampuni moja kwa sanduku moja hazitakufundisha mengi. Weka mbili zilizo safi, nyingine zikate. Ukikata, acha ukingo wa upana wa kidole kuzunguka stempu, usipite karibu na meno yake, maana jino moja likikatika stempu imepoteza thamani. Iloweke katika maji ya uvuguvugu, uso chini, mpaka iteleze yenyewe, ukiivuta itapasuka. Za bahasha nyekundu au za kaki ziloweke peke yake, kwa kuwa rangi hutoka na kuchafua nyingine. Stempu za siku hizi zinazojibandika zenyewe bila kulambwa usiziloweke kabisa, kwani nyingi hazibanduki kwa maji. Zikaushe juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, si juu ya gazeti. Zishike kwa koleo ndogo, si kwa vidole vilivyotoka kula embe.

Meno ya stempu huhesabiwa: ni matundu mangapi katika sentimita mbili. Hili laonekana kama upuuzi, lakini zile za Mfalme George zilizotolewa kuanzia mwaka 1938 zilichapwa tena na tena kwa miaka mingi, kwa mashine zenye matundu tofauti, na kuna stempu mbili za bei moja na picha moja ambazo moja ni ya bure na nyingine ni ya kutafutwa.

Bahasha uziweke katika mifuko myepesi ya plastiki safi ing'aayo, zisimame au zilale, lakini zisibanwe. Adui zake hapa kwetu ni wanne: mchwa, unyevu wa masika, joto la chumba chini ya mabati, na selotepu. Mchwa hula usiku mmoja. Selotepu hula kwa miaka 20, pole pole, na kuacha doa la rangi ya chai lisilotoka. Usiandike kitu juu ya bahasha. Ukitaka kuweka habari zake, andika kwa penseli katika karatasi nyingine uiweke nyuma yake: nani aliipokea, uliipata kwa nani, tarehe gani. Barua ikiwamo ndani, iache humo. Tena uwaombe ruhusa wenye barua kabla hujaisoma, kwa kuwa si zote zilizoandikwa kwa ajili yetu.

Kwa kupata mpya, waulizeni wazee kwanza, halafu ofisi. Ofisi moja ya hapa mjini, nisiyoitaja, ilichoma magunia ya majalada ya zamani pamoja na bahasha zake, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeziomba. Karani wengi wakiombwa kwa adabu hutoa kwa furaha. Mkipeleka barua wenyewe, nendeni mpaka dirishani katika Posta Kuu ya Kampala Road, mkamwombe karani aipige muhuri wazi, ili jina na tarehe visomeke. Hakuna malipo ya kuomba hivyo.

Mimi ninazo tatu za ziada za ile stempu ya senti 30 yenye picha ya bwawa la Owen Falls, iliyotolewa mwezi wa Aprili 1954 malkia alipokuja kulifungua. Zote ziko katika bahasha zake, na mbili zina muhuri wa Jinja. Mwanafunzi, au mwanafunzi wa zamani, aliye na bahasha yoyote iliyotoka katika kambi ya Koja, aniandikie kwa mkono wa mhariri, nami nitampa zote tatu kwa moja hiyo.